Pini ya Arduino Nano kubonyeza kitufe cha redio: Nano imezimika, redio imebaki hewani usiku kucha

pampu_ya_bondeni aliuliza:

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Naomba msaada wenu katika jambo ambalo limenishinda kwa wiki mbili, na ambalo sasa limeanza kuwagusa watu wengine kijijini.

Sisi tuko kwenye milima ya Usambara. Maji yetu husukumwa na pampu iliyo bondeni kando ya kijito, yakapanda hadi kwenye tangi la saruji lililo juu ya kilima, mwendo wa kama kilomita tatu kwa njia ya mguu. Mwendesha pampu hawezi kuliona tangi, na kule bondeni simu hazishiki mtandao, kwa hiyo tangi likijaa maji humwagika muda mrefu kabla ya mtu kuteremka kumwambia azime mashine. Kamati ya maji ina kibali cha masafa na redio mbili za mkononi, zile zenye matundu mawili ya mtindo wa Kenwood ubavuni, moja la milimita 2.5 na jingine la milimita 3.5. Nikaamua kwamba redio moja ikae ndani ya kisanduku pale tangini, Arduino Nano (bodi ndogo ya kielektroniki inayofuata programu) iibonyeze kila boya linapofika juu, na mlio usikike kwenye redio ya mwendesha pampu.

Kitufe cha kuongea kwenye redio hizi hufanya kazi kwa kuunganisha sehemu mbili: shina la plagi ya 3.5 (yaani ile sehemu iliyo karibu na mpini) na shina la plagi ya 2.5, ambalo ndilo hasi. Nilihakikisha kwa kipande cha waya: nikiyagusanisha, taa nyekundu inawaka. Basi nikavuta waya kutoka pini D8 ya Nano moja kwa moja hadi shina la 3.5, na hasi ya Nano nikaiunganisha na shina la 2.5. Programu inaiweka D8 kwenye volti 5 wakati wa kunyamaza na volti 0 wakati wa kurusha. Mlio unatoka D9 kwa amri ya tone(), unapunguzwa na rezista ya kilo-omu 100 pamoja na nyingine ya kilo-omu 1 inayokwenda hasi, kisha unapita kwenye kapasita hadi pete ya katikati ya plagi ya 3.5, ambako ndiko kipaza sauti huingilia. Nano inapata volti 5 kutoka kwenye betri ya sola ya volti 12 kupitia bodi ya kushusha volti. Redio inatumia betri yake yenyewe.

Matatizo ni matatu. Kila ninapowasha Nano, redio hurusha kwa sekunde mbili hivi bila kuamriwa. Halafu, redio ikiwa kwenye nguvu ndogo ya wati 1 mambo huenda sawa, lakini nikiiweka kwenye wati 5, Nano huganda katikati ya mlio na taa nyekundu haizimi mpaka nichomoe plagi. La tatu ndilo lililonifanya niandike. Juzi usiku betri ya sola ilishuka, kidhibiti chake kikakata umeme, na Nano ikazimika kabisa. Redio ikabaki hewani mpaka alfajiri, betri yake ilipokwisha. Masafa hayo hayo ndiyo tunayoyatumia kuitana kukiwa na mgonjwa wa kubebwa machela, na usiku ule hakuna ambaye angeweza kuita. Namshukuru Mungu hapakuwa na mgonjwa, lakini sitarudisha kisanduku mlimani mpaka nielewe inawezekanaje chombo kisicho na umeme kibonyeze kitufe.

Nawasilisha.

waya_mwembamba alijibu:

Pole sana ndugu. Nadhani kosa liko kwenye kuiweka pini juu wakati wa kunyamaza. Waya wa kitufe kwenye redio hizi hauna volti 5, kwa hiyo unasukuma umeme kwenda mahali ambapo haukutarajiwa. Unapotaka redio inyamaze, igeuze pini iwe ya kupokea kwa pinMode(8, INPUT), nayo itakuwa kama imeachiliwa hewani. Unapotaka irushe, igeuze iwe ya kutoa ikiwa chini. Hivyo pini haitatoa volti 5 kabisa, na huhitaji kununua kifaa chochote. Mimi nimefanya hivyo kwenye mradi mdogo wa mezani na haujanisumbua.

meza_ya_fundi alijibu:

Ndugu waya_mwembamba ameona sawa kuhusu volti 5, lakini ushauri wake hauponyi kosa la tatu. Chanzo chake kimo ndani ya chipu, na programu haiwezi kukifikia.

Ndani ya redio, waya wa kitufe umevutwa juu kwa rezista. Ukiupima kwa multimita bila kuunganisha chochote, utaona volti 3 na kidogo. Redio inaangalia volti hizo tu: zikishuka karibu na sifuri, inahesabu kwamba kidole kiko kwenye kitufe. Sasa, kila pini ya ATmega328P, yaani chipu kuu ya Nano, ina diodi mbili za kujikinga (diodi hupitisha umeme upande mmoja tu), moja kutoka hasi na nyingine kuelekea njia ya volti 5 ya chipu. Nano ikiwa na umeme, ile diodi ya juu imelala, kwa sababu njia ya volti 5 iko juu kuliko volti 3 za redio. Nano ikizimika, njia hiyo inakuwa tupu na diodi inafunguka. Umeme wa redio unaingia kwa D8, unavuka diodi, na kusambaa kwenye taa, kwenye kapasita na kwenye kila chipu iliyo juu ya bodi. Waya wa kitufe unalemewa na mzigo huo na kushuka. Hivyo ndivyo Nano iliyokufa ilivyobonyeza kitufe usiku kucha, na ingefanya vilevile hata kama pini ingekuwa imeandikwa INPUT, kwa kuwa bila umeme hakuna kilichoandikwa.

Ukitaka kuhakikisha, weka redio kwenye nguvu ndogo, unganisha kama ulivyokuwa umeunganisha, zima Nano, upime kati ya mashina mawili. Sitashangaa ukiona volti 1 au pungufu.

Dawa yake ni kutenganisha pini na waya wa kitufe kwa kitu ambacho kikikosa umeme kinaachia. Transista ya kawaida kama 2N2222 inatosha kwa kazi hiyo: kolekta kwenye shina la 3.5, emita kwenye shina la 2.5, na besi kwenye D8 kupitia rezista ya kilo-omu 4.7. Volti 5 ukitoa 0.7 za besi zinabaki 4.3, na hizo zikigawanywa kwa 4.7 zinatoa miliampea 0.9. Hata ukihesabu kwa tahadhari kwamba kolekta inabeba mara kumi tu ya hapo, unapata miliampea 9, nayo ni zaidi ya inavyohitajiwa na kitufe cha redio ya mkononi. Usisahau rezista ya kilo-omu 10 kati ya besi na emita. Pini za chipu hii, tangu umeme unapoingia hadi programu inapoanza, zinaelea bila kushika upande wowote, na rezista hiyo ndiyo inayoishikilia transista ikiwa imefungwa katika muda huo.

Hata hivyo, kwa kisanduku kitakachokaa mlimani peke yake, mimi ningetumia optokapla, PC817. Ndani yake kuna taa ndogo na transista inayoiona taa hiyo, na kati yao hakuna waya. D8 inakwenda mguu wa 1 kupitia rezista ya omu 470, mguu wa 2 unakwenda hasi ya Nano. Mguu wa 4 unakwenda shina la 3.5 na mguu wa 3 shina la 2.5. Taa hiyo inakula volti 1.2, kwa hiyo itapitisha miliampea 8 hivi, na pini ya Nano inazimudu bila taabu, kwani kiwango chake cha mwisho ni 40 na kile kinachopendekezwa ni 20.

Lakini hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulisahau, nami nililisahau mara ya kwanza. Mlio wako kutoka D9 unatumia hasi ya Nano pia. Ukiweka optokapla kwenye kitufe na kuiacha hasi ya mlio imeunganishwa na hasi ya redio, umefunga mlango na kuacha dirisha wazi. Tafuta transfoma ndogo ya sauti ya omu 600 kwa 600, ambayo hupatikana ndani ya modemu za zamani za simu ya mezani, na upitishe mlio humo. Upande mmoja wa transfoma uwe wa Nano, upande wa pili uwe wa redio pamoja na ile kapasita yako. Hapo ndipo hasi mbili zitakuwa zimeachana kweli.

Kuhusu zile sekunde mbili za mwanzo, tuonyeshe programu. Nakisia kwamba umeandika pinMode(8, OUTPUT) juu, kisha ukasubiri kidogo, kisha ndipo ukaandika digitalWrite(8, HIGH). Pini ikigeuzwa kuwa ya kutoa bila kuambiwa hali yake, inaanza ikiwa chini, na kwako chini ndiko kurusha. Ukiwa na transista au optokapla jambo hilo linajigeuza lenyewe, kwa kuwa sasa juu ndiko kurusha na chini ni kunyamaza.

kilele_cha_antena alijibu:

Mimi naomba nizungumzie kosa la pili, la kuganda kwenye wati 5, kwa sababu maelezo ya ndugu meza_ya_fundi yataliponya nusu tu.

Redio ina betri yake, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba inaposhika wati 5 inainyonya Nano umeme. Kinachobaki ni mawimbi yenyewe. Antena ya redio imo ndani ya kisanduku kimoja na Nano, au imetokeza sentimita chache juu yake, na kila waya ulio karibu unapokea sehemu ya zile wati 5. Ikiwa masafa yenu yako karibu na megahezi 150, urefu wa wimbi ni mita 2, na robo yake ni sentimita 50. Waya wa nusu mita katika mazingira hayo ni antena nzuri sana. Hukutaja urefu wa waya wako wa kitufe, lakini hata usipotaja najua kuna waya mrefu kuliko huo, nao ni waya wa boya. Unatoka kwenye Nano hadi ndani ya tangi, labda mita tatu au nne. Watu huhangaika na waya wa redio wakausahau huo.

Uchunguze hivi kabla ya kununua chochote. Chomoa waya wa boya kwenye Nano, amuru redio irushe kwa njia nyingine, na uangalie kama Nano bado inaganda. Kisha, ukiweza kuazima kwa fundi mzigo bandia wa omu 50 (rezista kubwa inayomeza nguvu ya redio badala ya kuirusha), ufunge mahali pa antena na urushe kwa wati 5. Nano ikitulia kwenye mzigo bandia na kuganda kwenye antena, ujue ni mawimbi. Tafadhali usifanye jaribio hilo kwa kufungua antena na kuacha tundu tupu, kwani nguvu isiyo na pa kwenda hurudi na inaweza kuunguza transista ya mwisho ya redio.

Kwa matibabu, hatua moja inazidi nyingine zote: itoe antena nje. Tumia waya wa koaksia, antena ikae juu ya mlingoti mita mbili au tatu kutoka kwenye kisanduku. Mlioweka tangi juu ya kilima tayari mna mahali pazuri, na wati 1 kwenye antena ya nje inaweza kufika bondeni vizuri kuliko wati 5 zilizofungiwa kisandukuni. Pengine hutahitaji nguvu kubwa kabisa. Baada ya hapo, kila waya unaoingia kwenye bodi uwekee kapasita ya nanofaradi 1 kwenda hasi, palepale unapoingia, miguu ikiwa mifupi. Besi ya transista nayo iwekewe, kwa sababu maungio yake huyageuza mawimbi kuwa umeme wa upande mmoja na kuishikilia transista wazi. Ndiyo maana redio inaweza kujibonyeza yenyewe: inarusha, mawimbi yake yanafungua transista, transista inaendelea kuibonyeza. Waya za kitufe na za mlio zisokote pamoja, uzizungushe mara tatu au nne kwenye pete ya feraiti karibu na plagi.

Kwa waya wa boya, kama unategemea rezista ya ndani ya Nano kuuvuta juu, hiyo ni dhaifu, kati ya kilo-omu 20 na 50. Ongeza ya nje ya kilo-omu 4.7.

pampu_ya_bondeni alijibu:

Nawashukuru sana wote. Nimefanya vipimo mlivyoniagiza na narudisha majibu.

Waya wa kitufe ukiwa peke yake una volti 3.2. Nikiunganisha D8 na Nano ikiwa imezimwa, unashuka hadi volti 0.9, na taa nyekundu inawaka. Nilikaa nikiitazama ile namba kwa muda. Nilipouchomoa waya wa D8 taa ilizimika, nilipourudisha ikawaka, na Nano yenyewe ilikuwa haina umeme kabisa. Programu nayo ni kama ndugu meza_ya_fundi alivyokisia: kati ya pinMode na digitalWrite kulikuwa na delay(2000), niliyoiweka ili boya litulie.

Nimefunga PC817 kwenye kitufe. Transfoma nimeipata kwa fundi simu, ndani ya modemu iliyokufa. Waya wa boya una mita nne na nusu, na nilipouchomoa Nano haikuganda hata mara moja katika majaribio kumi. Nimeuwekea rezista na kapasita, na antena nimeagiza.

Kinachonisumbua bado ni hiki. Hata baada ya yote haya, Nano inaweza kuganda kwa sababu nyingine, radi kwa mfano, ambayo kwetu si ya kubahatisha. Ikiganda D8 ikiwa juu, tumerudi kule kule. Je, nitumie relei (swichi inayovutwa na koili ya umeme) badala ya optokapla, au niache kitufe kabisa na kutumia ile njia ya redio kujifungua yenyewe inaposikia sauti?

waya_mwembamba alijibu:

Kwanza nakiri kwamba ushauri wangu wa awali haukuwaza hali ya Nano kukosa umeme, na nimejifunza.

Relei haitakusaidia kwa hofu hiyo, maana pini ikibaki juu relei nayo inabaki imeshika. Tena koili ya relei ndogo ya volti 5 hula kama miliampea 70, zaidi ya uwezo wa pini, kwa hiyo ungehitaji transista na diodi juu yake. Kujifungua kwa sauti nako nimewahi kujaribu. Mwanzo wa mlio unakatwa kila mara, na kelele yoyote inayoingia kwenye waya wa sauti inaweza kuipeleka redio hewani bila Nano kusema kitu.

meza_ya_fundi alijibu:

Hofu yako ni ya haki, na masafa yanayobeba wagonjwa yanastahili ulinzi zaidi ya mmoja.

Anza na ule ambao hauna gharama. Redio nyingi za mkononi zina kikomo cha muda wa kurusha. Kwenye redio ya Baofeng UV-5R, kwa mfano, ni menyu namba 9, TOT, ambayo inaanzia sekunde 15 hadi 600. Iweke 15. Ingekuwa hivyo juzi, redio ingenyamaza baada ya robo dakika hata kama kitufe kimelemewa. Menyu namba 23, BCL, huizuia redio isirushe wakati kuna mtu anaongea kwenye masafa hayo, na kwenu naiona ya lazima, ili tangi lisimkatize mtu anayeomba machela.

Ulinzi wa pili ni kipima muda kilichomo ndani ya ATmega328P, ambacho huiwasha chipu upya endapo programu haikukigusa kwa muda uliowekwa, mwisho sekunde 8. Kitumie, lakini uwe mwangalifu: Nano zenye programu ya kuwashia ya zamani hukwama zikizunguka bila mwisho baada ya kuwashwa upya kwa njia hiyo. Ijaribu mezani kwanza. Ikikwama, ipakie Optiboot, ambayo ni programu mpya ya kuwashia.

Ulinzi wa tatu ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu haumwamini mtu. Hivi sasa D8 inasema "rusha" kwa kukaa juu. Ifanye iseme "rusha" kwa kucheza juu na chini bila kupumzika, mara elfu moja kwa sekunde hivi. Kutoka D8 weka kapasita ya nanofaradi 100. Upande wa pili wa kapasita hiyo uungane na diodi mbili za 1N4148: moja inatoka hasi kuja kwenye maungio hayo, nyingine inatoka kwenye maungio kwenda kwenye kapasita ya akiba ya mikrofaradi 1, ambayo mguu wake wa pili uko hasi. Kila D8 inapopanda, tone la umeme linasukumwa kwenye akiba, na baada ya makumi kadhaa ya matone akiba inafika karibu na volti 3.6. Volti hizo zipeleke kwenye geti ya 2N7000 (transista inayofunguliwa na volti za mguu wake wa geti), na 2N7000 ndiyo iwashe taa ya PC817, ikikaa kati ya mguu wa 2 na hasi. Rezista ya omu 470 sasa itoke kwenye volti 5 kwenda mguu wa 1. Juu ya akiba weka rezista ya kilo-omu 220 kwenda hasi, na ile kapasita ya nanofaradi 1 aliyoisema ndugu kilele_cha_antena iweke kwenye geti.

Kapasita ya kwanza haipitishi umeme uliosimama. D8 ikiganda juu, hakuna tone linalopita. Ikiganda chini, vivyo hivyo. Ile rezista ya 220 inaimwaga akiba katika robo au theluthi ya sekunde, 2N7000 inafunga, redio inanyamaza. Ni sawa na pampu ya mkono: maji hutoka kwa kupiga mpini, na mpini ukikwama, uwe juu au chini, bomba hukauka.

Kuna sharti moja ambalo ukilikosa kazi yote ni bure. Kule kucheza kwa D8 kuandikwe ndani ya loop() yenyewe, ile sehemu ya programu inayojirudia daima. Usitumie tone() wala analogWrite() kwa pini hiyo. Amri hizo zinaendeshwa na saa za ndani ya chipu, ambazo huendelea kutembea hata programu kuu ikiwa imekufa, na hapo pampu ingeendelea kupigwa na mkono wa maiti. Na kwa kuwa loop() lazima izunguke haraka, ondoa kila delay(), yaani amri ya kusimama na kusubiri, wakati wa kurusha, upime muda kwa millis(). Mlio wa D9 unaweza kubaki kwenye tone(), kwani mlio bila kitufe hauendi popote.

Kwa mlio wenyewe, bonyeza kitufe, subiri nusu sekunde ili redio ifike hewani na ile ya bondeni ifungue sikio, ndipo upige. Milio mitatu mifupi inatosha, kisha nyamaza dakika tano kabla ya kurudia. Kwa upande wa kibali, kamati iwaulize TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kwa maandishi kama kibali chenu kinaruhusu kituo kinachojirushia chenyewe bila mtu, kwa kuwa kibali cha kuongea hakimaanishi hivyo moja kwa moja.

pampu_ya_bondeni alijibu:

Ndugu zangu, narudi baada ya siku kumi na mbili.

Nimejenga pampu ya diodi kama ilivyoelezwa. Akiba inafika volti 3.5 kwenye multimita yangu. Nilifanya majaribio manne mezani, redio ikiwa na mzigo bandia wa fundi mmoja wa mjini. Niliandika kwa makusudi while(1), kitanzi kisicho na mwisho kinachoigandisha programu, katikati ya kurusha huku D8 ikiwa juu, nikiwa nimezima kile kipima muda: taa nyekundu ilizimika kabla sijamaliza kuhesabu moja. Nilirudia D8 ikiwa chini, ikawa vilevile. Niliichomoa Nano umeme katikati ya mlio, ikazimika. Mwisho niliacha Nano bila umeme usiku kucha, redio ikiwa imewashwa na plagi zote zimechomekwa, na asubuhi betri ya redio ilikuwa bado na pau zote.

Kosa moja nililifanya nami nalitaja ili lisimpate mwingine. Mara ya kwanza redio haikurusha kabisa. Nilikuwa nimeacha delay(500) ile ya kusubiri kabla ya mlio, na katika nusu sekunde hiyo D8 ilikuwa imesimama, akiba ikamwagika. Ulinzi ulikuwa unafanya kazi yake dhidi yangu. Nilipoibadilisha kwa millis() ikakubali.

Antena imefungwa kwenye mlingoti wa mita nne kando ya tangi. Redio iko kwenye wati 1, TOT ni sekunde 15, BCL imewashwa. Kamati imepeleka barua TCRA, na mpaka jibu litakapokuja kisanduku kinafanya kazi mchana tu, mimi nikiwa tangini na redio nyingine mkononi. Jana saa tisa alasiri boya lilipanda, milio mitatu ikaenda, na nilisikia mashine bondeni ikizimika kabla ya maji kufika kwenye bomba la kumwagia.

Mchoro wa saketi na programu nzima nitavipakia hapa nikishuka mjini Ijumaa.